Miamvuli inayochuruzika dukani: tengeneza kidaka maji chako kwa bomba la inchi 4 na beseni

Wakuu habari za mvua. Mi nina steshenari ndogo huku Sinza, kopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti, mambo ya kawaida tu, chumba chenyewe hatua sita kwa nne na chini kuna tailizi nyeupe zile za kung'aa ambazo mwenye nyumba anajisifia kila akija kudai kodi, na mimi nazichukia kuanzia Machi mpaka Mei. Masika moja mama mtu mzima kaja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, kaingia na mwamvuli wake unachuruzika, mbele yake walishapita watu wanne na miamvuli yao, akakanyaga lile dimbwi akaenda chini. Bahati alidaka kaunta. Nikamuwahi, "pole mama, shikamoo, umeumia?" akasema "marahaba mwanangu, sijaumia, ila hapa kwako siku moja utamuua mtu". Siku hiyo hiyo jioni nikakuta rimu nzima ya karatasi imelowa upande mmoja maana kuna kijana aliegemeza mwamvuli pale. Na ekstensheni ya printa ilikuwa imelala sakafuni kama sentimita thelathini kutoka kwenye maji. Hapo ndo akili ikanikaa.

Kwahiyo huu ni mwongozo wa kile kidude nilichotengeneza, nimekikosea mara mbili kabla hakijakaa sawa, nawapa na makosa yake ili wewe usiyarudie.

Kwanza elewa maji yanakaa wapi kwenye mwamvuli, maana bila hapo utanunua ndoo utaweka mlangoni utasema tayari na sakafu itaendelea kulowa. Mwamvuli ukiukunja ukauelekeza ncha chini, ile mikunjo ya kitambaa inageuka vijifuko, inashika maji halafu inayaachia kidogo kidogo kupitia ncha, inaweza kuchukua hata nusu saa. Ukiugeuza mpini chini, maji yanatoka haraka ila yanatoka kwenye ncha za njiti zote kwa pamoja, yaani unapata mduara wa matone na mpini wenyewe unaloa. Kwa duka ncha chini ndo njia sahihi kwasababu matone yote yanakuja sehemu moja, unaweza kuyadaka. Kwa kukausha nyumbani usiku ni kinyume, uning'inize au uache wazi nusu, mwamvuli ukilala umefungwa kwa joto na unyevu wa huku kwetu asubuhi unanuka na wiki ya pili una vidoa vya ukungu.

Nilijaribu kupima siku moja duka likiwa halina watu. Nikakaa na mwamvuli nje kwenye mvua dakika tano, nikaukunja hivyo hivyo, nikausimamisha kwenye jagi. Ulitoa maji ya kujaza kikombe cha kahawa, vile vikombe vidogo vya wauza kahawa wa mtaani, na ukabakisha. Nikarudia lakini safari hii nikaukung'uta kwanza mlangoni, haikufika hata nusu kikombe. Sasa piga hesabu watu thelathini kwa siku ya mvua, ni vikombe thelathini vya kahawa mtu anakumwagia kwenye tailizi, ungekubali? Na nusu ya hayo yanaondoka kwa kukung'uta tu. Kwahiyo hatua ya kwanza kabisa haina gharama, bandika karatasi mlangoni kwa nje, herufi kubwa, KUNG'UTA MWAMVULI HAPA. Kukung'uta kwenyewe ni kuelekeza chini na kuufungua nusu na kuufunga haraka mara tatu nne, kama kuku anavyopiga mabawa akitoka kwenye maji. Na waambie wasifunge ule mkanda wa kuubana, ukibanwa yale maji ya ndani hayatoki mpaka wakifika nyumbani kwao.

Najua kuna watu watasema si tuweke mifuko ya plastiki mirefu ya kuvalisha miamvuli kama wanavyofanya kwenye maduka makubwa ya nchi za Asia. Achana nayo. Kwanza huku mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, sitaki kubishana na mtu mlangoni kwangu kama wa kuvalisha mwamvuli nao umo au haumo. Pili ni uchafu mtupu, mteja akitoka anautupa mtaroni, mtaro unaziba, maji yanarudi kwako kwa mlango wa mbele. Wajapani hao hao wana kitu cha zamani zaidi kinaitwa kasatate, ni stendi ya miamvuli tu inakaa mlangoni, na Waingereza enzi za Malkia Victoria walikuwa wanazitengeneza za chuma cha kumimina, chini zina trei inayochomolewa kumwaga maji. Hiyo trei inayochomoka ikumbuke, nitairudia, mi niliidharau ikanitokea puani.

Vitu unavyohitaji: bomba la PVC la inchi 4, lile la maji machafu. Zima huwa mita 6 lakini usinunue zima, ulizia vipande kwa mafundi bomba au kwenye saiti inayojengwa jirani, wanavyo wamevitupa. Unahitaji kama mita 3 na kidogo. Beseni la plastiki lenye kitako cha upana wa kuanzia sentimita 40, sababu nitaeleza. Wavu wa kuchomea mishkaki. Vipande vya tailizi vilivyobaki. Waya wa kufungia nondo, au kamba ya manila kama hutaki kutu. Msumeno wa chuma, msasa, tepu ya kupimia, maka peni. Basi. Kwa hela yangu nilinunua beseni na wavu tu, mabomba nilipewa na fundi mmoja nilimtolea kopi za bure.

Hatua ya kukata. Kata vipande 7. Vitano virefu sentimita 50, viwili vifupi sentimita 30. Mwanzo mi nilikata vyote sentimita 60 nikijua ndo salama zaidi, kumbe ile miamvuli midogo ya kukunja ya kina dada inazama yote mpaka chini, mteja anainama anachungulia ndani ya bomba kama anatafuta panya, mmoja akaniambia "kaka huu mwamvuli wangu niutoe na nini sasa". Sentimita 50 inatosha kushika mwamvuli mrefu usianguke, maana sehemu nzito inakuwa ndani, na 30 inaacha mpini wa ule mdogo juu. Usikate mfupi kuliko hapo, ukikata 20, mtu akiweka mwamvuli mrefu kwa bahati mbaya unabiringita na stendi nzima.

Kukata bomba linyooke kuna ujanja, chukua karatasi ya A3 (A4 haifiki kuzunguka bomba la inchi 4) izungushe kwenye bomba mpaka kingo zikutane zenyewe kwa zenyewe, chora mstari kwa kufuata ukingo wa karatasi, kata taratibu huku unazungusha bomba, usikate upande mmoja mpaka mwisho. Kitako kikiwa kimepinda stendi itacheza. Piga msasa midomo ya juu vizuri, PVC ikikatwa inaacha meno na yale meno yanachana kitambaa cha mwamvuli, na ukimchania mteja mwamvuli hapo umetengeneza ugomvi badala ya stendi.

Sasa chini ya kila kipande toa pengo tatu za umbo la V, kina kama sentimita 2, ili maji yatoke kwenda kwenye beseni. Kata kwa msumeno, mikato miwili ya mshazari inakutana, kipande kinadondoka. TAFADHALI usitoboe kwa msumari wa moto. Najua ndo tulivyozoea, dumu la mafuta ya kupikia unalitoboa kwa msumari wa moto na hamna shida sana, lakini bomba la PVC sio plastiki moja na dumu, ile ina klorini ndani, ukiichoma inatoa moshi wa asidi unaokaba koo na kuwasha macho. Mi nilitoboa tundu mbili nikiwa ndani ya chumba nimefunga mlango kwasababu ya mvua, nilikohoa mpaka jirani wa saluni akaja kugonga. Msumeno. Usione uvivu.

Kufunga. Kirefu kimoja katikati, virefu vinne na vifupi viwili kumzunguka, vifupi vikae upande wa mbele unaotazama mlango ili mtu avione. Saba ni namba nzuri sababu mabomba sita yanamzunguka mmoja wa saizi ile ile yanamgusa kote, hayaachi nafasi, kama vitumbua kwenye sufuria ya kuchomea. Funga waya mizunguko miwili, mmoja karibu na chini mmoja sentimita 25 kutoka chini, kaza na koleo, ncha za waya zigeuze ndani zisimkwaruze mtu. Likishafungwa furushi lina upana wa kama sentimita 33 maana kila bomba ni sentimita 11 kwa nje, ndo maana beseni chini ya sentimita 40 kitakoni halifai. Mi nilienda dukani kununua beseni bila kupima kwanza, nikabeba la 30, nikarudi Sinza nikagundua, nikarudi tena Manzese na daladala kulibadilisha. Pima kwanza.

Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu.

Toleo langu la kwanza nilijaza kokoto chini ya beseni, nikasimamisha mabomba juu ya kokoto. Ilipendeza kweli, kama hoteli, na kokoto zilifanya uzito stendi isisukumike, na ncha za miamvuli hazikukaa kwenye maji kwahiyo hazishiki kutu. Tatizo ni kwamba maji yalikuwa chini ya kokoto huyaoni. Ukitazama unaona mawe makavu unasema leo simwagi. Halafu beseni na kokoto na mabomba ni zito, kulibeba mpaka mtaroni ni kazi ya watu wawili, kwahiyo unaahirisha. Wiki ya pili nikaanza kung'atwa miguu mchana kweupe nimekaa kwenye kompyuta. Nikaja kufunua, nikakuta viluwiluwi wanacheza.

Mbu wanaong'ata mchana ndo wale wa homa ya dengi, Aedes, wana madoa meupe miguuni. Hao hawahitaji bwawa, wanapenda vyombo vidogo vyenye maji yaliyotulia, tairi, kifuu cha nazi, sahani ya chungu cha maua, na stendi yangu ya miamvuli. Kwa joto letu toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Dar tumeshapata mlipuko wa dengi 2014 na 2019, watu tunakumbuka jinsi viungo vinavyouma, mi mwenyewe sikuugua ila dada yangu alilala kitandani siku nane. Kwahiyo nilikuwa naepusha wateja kuteleza huku nafuga mbu chini ya kaunta, aisee.

Na kuna kitu cha ziada watu hawakijui, hawa mbu hawatagi ndani ya maji kabisa, wanataga kwenye ukuta wa chombo pale juu kidogo ya maji, mayai yanagandia. Ukimwaga maji mayai yanabaki, yanakauka, yanaweza kukaa miezi hivyo hivyo, siku maji yakirudi yanaanguliwa. Kumwaga peke yake hakutoshi, lazima usugue.

Kwahiyo toleo la sasa halina kokoto. Chini ya beseni naweka vipande sita vya tailizi vimepangwa viwili viwili kwenda juu, vinakuwa miguu mitatu ya kimo cha kama sentimita 2, juu yake wavu wa mishkaki, juu ya wavu furushi la mabomba. Miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa na mawimbi, minne inacheza. Ncha ya mwamvuli inagota kwenye wavu, maji yanapita chini, na mimi nayaona. Jioni nafunga duka nanyanyua furushi kwa mkono mmoja, nanyanyua wavu, namwaga beseni mtaroni au kwenye mche wa mpapai wa jirani, nageuza beseni chini juu mpaka asubuhi. Jumamosi nasugua kuta zake kwa brashi na sabuni ya unga, na ndani ya mabomba napitisha tambara kwa fimbo. Dakika kumi. Sasa unaelewa kwanini wale Waingereza waliweka trei inayochomoka, chombo kigumu kumwaga hakimwagwi.

Sehemu ya kukiweka. Nadhani hii ndo ishu kuliko hata kukata mabomba, kwasababu watu wengi nimeona wana stendi nzuri kabisa ila imekaa pasipofaa. Mi mara ya kwanza niliiweka kwenye kona pembeni ya kaunta kwasababu ndo palikuwa na nafasi. Matokeo yake mteja anaingia, anavuka duka zima akidondosha, anafika kwenye stendi maji yameshaisha. Stendi kavu, sakafu mtoni. Nikahamishia nje barazani chini ya bati, siku ya pili mwamvuli mmoja wa mteja ukaondoka na mpita njia, nikalipa. Sasa ipo ndani, mara tu ukivuka kizingiti, upande wa mkono wa kulia, hatua moja haifiki. Jinsi ya kujua pako ni wapi, kaa siku moja ya mvua uwatazame tu watu, kuna sehemu kila mtu anasimama sekunde mbili kufuta miguu na kutafuta kwa macho nani anahudumia. Hapo hapo ndo mkono wake unakuwa tayari kuachia mwamvuli. Weka hapo hata kama panaharibu muonekano, kabati la bahasha lisogeze wewe.

Chini ya stendi na mbele yake tandika gunia la katani limekunjwa mara mbili, la katani kweli, sio kiroba cha sandarusi. Kiroba hakinywi maji, kinateleza juu ya tailizi kama ganda la ndizi. Na ekstensheni zote panda nazo ukutani, hata kwa misumari ya kubania waya tu, maji na umeme visiwe sakafu moja.

Kama duka lako ni dogo zaidi, kibanda cha miamala ya simu mfano, huna haja ya furushi la saba. Chukua dumu la lita 20 la mafuta, kata juu pale mabega yanapoanzia, osha na maji moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, weka wavu chini, linabeba miamvuli mitano sita ya kukunja. Miamvuli mirefu italiangusha, kwa hiyo weka tofali chini ya wavu kwa uzito. Sio zuri lakini linafanya kazi.

Na ya kubeba mwenyewe kwenye daladala au ofisini, hii ni ya bure kabisa, chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kata juu pale inapoanza kubinyika kwenda shingoni. Kile kipande cha juu usitupe, toa kizibo, kichane upande mmoja kidogo ili kipungue upana, kisukume ndani ya chupa shingo ikiwa chini mpaka kigote. Kinakuwa kama faneli humo ndani, mwamvuli wako mdogo unakaa juu ya faneli, maji yanapita shingoni yanabaki chini, na hata chupa ikilala kidogo kwenye begi hayarudi haraka. Ikilala kabisa yatarudi, usije ukanilaumu laptopu ikilowa. Mdomo wa chupa zungushia soltepu usikukate.

Kitu cha mwisho ambacho sikukifikiria kabisa nilipoanza. Ukishakusanya miamvuli ya watu sehemu moja umeanzisha tatizo la nani wa nani, maana nusu ya miamvuli ya Dar ni myeusi. Wiki ya kwanza kaka mmoja kaondoka na wa mwenzake mzima kamwachia wa njiti iliyovunjika, nikatukanwa mimi. Nikakusanya vizibo vya soda kumi na nne, vya bati, nikavitoboa kwa msumari, kila viwili nikaviandika namba moja kwa maka peni, 1 mpaka 7, kimoja kimefungwa kwenye bomba lake kwa waya, kingine mteja anaondoka nacho mkononi akisubiri kopi zake. Akirudisha kizibo anachukua mwamvuli. Maka peni inafutika na maji baada ya wiki mbili hivi, pitishia rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake, wa saluni jirani alinisaidia na hiyo.

Namba 6 sina sasa hivi. Kuna binti aliondoka nacho mwezi uliopita mvua ilipokatika, mwamvuli wake wa maua ya zambarau bado upo kwenye bomba fupi la kushoto.